Kwa nini wanafunzi wa shahada ya uuguzi huacha masomo kabla ya kuhitimu?

Mhadhiri Mpya aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika idara ya uuguzi ya chuo kikuu kimoja hapa Tanzania. Kabla ya kikao cha idara kitakachojadili suala hili, ningependa kuwasikia watu waliosoma shahada ya uuguzi, waliowaelekeza wanafunzi hao wodini, na hasa wale walioiacha njiani.

Kila tunapoandaa orodha ya mwaka wa nne tunakuta majina yamepungua yakilinganishwa na yale tuliyoyapokea mwaka wa kwanza. Mafaili ya walioondoka yana maelezo ya aina tatu tu: amefeli, ameahirisha, au ana sababu binafsi. Maelezo hayo humtosha mtunza kumbukumbu, lakini hayamsaidii mtu anayetaka kujua ilikuwaje mwanafunzi aliyeingia na ufaulu mzuri wa Fizikia, Kemia na Biolojia akashindwa famakolojia, yaani somo la dawa, akarudia, akashindwa tena, kisha asionekane chuoni.

Najua pia kwamba hesabu yenyewe ina utata. Anayehamia kozi nyingine ndani ya chuo hicho hicho, anayeahirisha mwaka kwa sababu ya uzazi kisha akarudi, anayedisko, yaani anayeondolewa chuoni kwa kufeli, na anayeondoka kimyakimya bila kuandika barua, wote wanaweza kuhesabiwa pamoja kuwa wameacha masomo, ingawa kilichowaondoa hakifanani hata kidogo. Ndiyo maana siombi takwimu. Naomba mnieleze mambo mawili: uamuzi wa kuondoka ulianza lini hasa, na wakati huo ni nani aliyekuwa karibu kiasi cha kuweza kuuona. Dhana yangu, ambayo niko tayari ipingwe, ni kwamba wengi wanaoandikwa kuwa wamefeli walikuwa wamekwisha kukata tamaa muda mrefu kabla ya mtihani, na kwamba tamaa hiyo ilikatikia wodini, si darasani.

Sista wa Zamu alijibu:

Mwalimu, nashukuru kwa kutukumbuka watu wa wodini, kwa kuwa kwa kawaida kinachotufikia kutoka chuoni ni barua ya kutuarifu kwamba wanafunzi wanakuja Jumatatu. Mimi ni inchaji, yaani muuguzi msimamizi, wa wodi ya upasuaji katika hospitali ya mkoa, na wanafunzi ninaowapokea hawatoki chuo kimoja. Wapo wa cheti, wa stashahada na wa shahada, wa serikali na wa binafsi, na mara nyingi wanakutana asubuhi moja kwenye wodi hiyo hiyo yenye wauguzi wawili wa zamu. Kitanda kimoja huzungukwa na makoti meupe mengi kiasi kwamba mgonjwa mwenyewe hajui amwambie nani kwamba anaumwa.

Katika hali hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili hafundishwi, bali anatumwa. Anapeleka sampuli maabara, anafuata majibu, anasukuma machela hadi chumba cha eksirei, anapima presha za wodi nzima, na mwisho wa zamu anakuja na daftari lake la mazoezi akitaka nimsainie kwamba amefanya taratibu ambazo hakuzifanya au alizitazama kwa mbali. Hali huwa mbaya zaidi leba, ambako kila mmoja anatafuta akina mama wa kuwazalisha ili atimize idadi aliyowekewa na chuo chake. Aliye mpole hukaa nyuma, na anayekaa nyuma hatimizi idadi.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wenyewe hatupendi kulizungumza. Baadhi yetu tulianza na cheti, tukapanda kwa miaka mingi, na tunapomwona binti wa shahada ameshindwa kuweka mrija wa dripu tunamwambia mbele ya mgonjwa kwamba digrii yake ni ya makaratasi. Neno hilo hutoka kwa wepesi kwa sababu msemaji amechoka na pia anajua kwamba huyo binti akihitimu huenda akaja kuwa mkuu wake. Mwanafunzi husimangwa kwa ajili ya cheo ambacho bado hana.

Kuhusu swali lako la pili, mimi huwaona. Anayeelekea kuondoka huanza kufika baada ya ripoti ya makabidhiano ya zamu. Kisha anachagua kazi za mbali na wagonjwa: atakunja gozi, atapanga dawa kabatini, atajitolea kwenda maabara hata mara ambazo hakutumwa. Daftari lake hubaki jeupe na yeye haombi tena kusainiwa. Naliona hilo wiki kadhaa kabla hajatoweka, ila sina wa kumwambia. Fomu niliyopewa na chuo ina safu ya mahudhurio na safu ya alama, na mwalimu wake huja siku ya kumpima tu.

Kijana wa Kibaigwa alijibu:

Mimi ni mmojawapo wa hao wa "sababu binafsi". Niliondoka mwaka wa pili, na kwa kuwa matokeo yangu hayakuwa mabaya, ofisi haikupata mahali pengine pa kuniweka.

Niseme kwanza kwamba sikuichagua kozi hii kama chaguo la kwanza. Kama wengi wa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) niliomba udaktari, ushindani ukanizidi, nikapokelewa uuguzi. Watu husikia hivyo na kudhani wamepata jibu: hakuwa na wito, ndiyo maana ameondoka. Si kweli. Darasani kwetu waliokuja kwa njia hiyo walikuwa wengi, na baadhi yao leo ni wauguzi wazuri sana ambao huwezi kuwaondoa wodini hata kwa kuwaongezea fedha. Kuingia kwa chaguo la pili hakumwondoi mtu, ila humwacha bila jibu pale anapoulizwa anafanya nini hapo, na sisi wavulana tuliulizwa kila siku. Wagonjwa walidhani ni madaktari wanafunzi, na tukiwasahihisha walitusikitikia. Ndugu waliuliza kama kweli tunasoma miaka minne chuo kikuu ili tuje kubadilisha mashuka.

Uamuzi wenyewe ulianza katika mazoezi ya kwanza marefu. Mgonjwa niliyekuwa nikimhudumia, mzee aliyekuwa amenizoea kiasi cha kuniita mjukuu, alifariki wakati wa zamu yangu. Nilielekezwa kumhifadhi, nikafanya kama tulivyofundishwa, kitanda kikasafishwa, na kabla ya mchana akalazwa mwingine. Hakuna aliyenikosea. Wauguzi waliokuwepo walikuwa na wagonjwa wengine na walikuwa wamekwisha kuona vifo vingi. Lakini hapakuwa na saa wala mtu wa kumweleza, na nilipojaribu kulitaja kwenye taarifa yangu ya mazoezi lilirudi na maelekezo kwamba taarifa iandikwe kwa kufuata hatua za mchakato wa uuguzi. Tangu hapo nilianza kufanya hasa anayoyasema Dada hapo juu: nilizifahamu njia zote za kwenda maabara.

Hata hivyo kilichonitoa si kifo kile peke yake. Wodini tulikuwa na dada na kaka waliokwisha kuhitimu, wamemaliza mwaka wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya shahada, wana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bado walikuwa wanajitolea bila mshahara wakisubiri ajira za serikali zitangazwe. Walifanya kazi kuliko mtu yeyote pale. Mwanafunzi anapomwona mtu aliyefika mwisho wa njia anakopa nauli kwake yeye ambaye bado anaishi kwa bumu, yaani posho ya mkopo wa wanafunzi, hesabu anayoipiga usiku ni rahisi. Nilihamia kozi nyingine, nikahitimu, na sijutii. Lakini ningeulizwa na mtu mmoja tu katika muda ule, huenda ningebaki. Sisemi kwamba ningebaki kwa hakika.

Mlinda Taaluma alijibu:

Naomba nitofautiane kidogo na mwelekeo wa mjadala. Uuguzi unashika uhai wa watu. Mwanafunzi asiyeweza kustahimili kifo cha mgonjwa, zamu ya usiku au maneno makali ya inchaji, ni heri aondoke mwaka wa pili kuliko aje kukimbia zamu akiwa na leseni mkononi. Chuo kisijione kimeshindwa kila mtu anapoondoka. Kuna kuondoka ambako ni mchujo wa halali, na kuna waliobaki ambao kwa kweli walipaswa kuondoka. Wenye macho wodini tunawafahamu. Tukianza kumbembeleza kila mmoja abaki, tutaongeza majina katika orodha ya wahitimu na kupunguza usalama wa mgonjwa. Mwalimu afundishe, mtihani uamue.

Mhadhiri Mpya alijibu:

Ndugu Mlinda Taaluma, hoja yako ni nzito na siipuuzi, na nakubali kwamba wako wanaoondoka kwa heri yao na ya wagonjwa. Shaka yangu iko kwenye kuamini kwamba mchujo huo unawaondoa wale unaowafikiria wewe.

Mwaka 1960 mtafiti wa Uingereza, Isabel Menzies, alichapisha uchunguzi aliofanya katika hospitali kubwa ya kufundishia ya London, wakati huo uuguzi ukisomewa hospitalini na si chuo kikuu. Alikuta kwamba kazi ilipangwa kwa namna ya kumlinda muuguzi na hofu inayotokana na kuwa karibu na maumivu na kifo. Muuguzi hakuachwa na wagonjwa wachache awahudumie kwa kila jambo. Alipewa jambo moja au mawili ayafanye kwa wagonjwa wengi, ili asimzoee yeyote. Mgonjwa aliitwa kwa kitanda chake au kwa kiungo kinachougua. Maamuzi madogo yaligeuzwa kuwa taratibu zisizohojiwa. Menzies alieleza kwamba mpangilio huo haukuondoa hofu, bali uliizuia isizungumzwe, na kwamba miongoni mwa wanafunzi waliokuwa wakiacha mafunzo walikuwemo wenye uwezo, ambao ndio hasa walioona kwamba kazi waliyoijia hawaruhusiwi kuifanya.

Imepita zaidi ya nusu karne, nchi ni nyingine na elimu imebadilika, lakini nikisoma maelezo ya Dada Sista kuhusu mwanafunzi anayepima presha za wodi nzima, na ya Kijana kuhusu taarifa iliyorudishwa, naona mpangilio ule ule. Kwa hiyo nakubali uwepo mchujo. Nauliza tu kama tumewahi kukagua tunachokitupa pamoja na pumba. Isitoshe, kijana aliyejua jina la mgonjwa wake na akaumia alipofariki hakuonyesha udhaifu wa kiuguzi kwa kipimo chochote ninachokifahamu.

Ninachokosa bado ni upande wa fedha. Wanafunzi hawanielezi, nadhani kwa aibu.

Bi Stashahada alijibu:

Hilo la fedha nitalieleza mimi, Mwalimu, kwa sababu aibu ilikwisha kunitoka. Mimi niliajiriwa nikiwa na stashahada, nikafanya kazi kwa muda mrefu katika kituo cha afya, kisha nikaenda kujiendeleza kwa shahada nikiwa na watoto. Nimemaliza. Lakini katika kundi letu la watumishi walioachwa na vijana wa kidato cha sita kwenye baiokemia, wako waliorudi nyumbani, na karibu wote fedha ilihusika hata pale ambapo faili linasema kitu kingine.

Anzeni na mwongozo wa Bodi ya Mikopo wenyewe. Mwombaji wa mkopo wa shahada hatakiwi kuwa na kipato cha ajira rasmi wala kuzidi umri wa miaka 35. Sheria hiyo ina mantiki yake, fedha hazitoshi na anayepewa kipaumbele ni mtoto wa maskini aliyetoka shuleni. Lakini mtumishi aliye masomoni anabaki na mshahara uleule uliokuwa hautoshi, ambao sasa unagawanywa kati ya nyumba ya familia, chumba cha mjini, ada, na makato ya mkopo wa benki aliouchukua ili alipie ada ya mwaka wa kwanza. Ruhusa ya masomo ikichelewa kutoka kwa mwajiri, mshahara husimamishwa na mtu anaanza muhula bila chochote. Mwenzangu mmoja alikuwa akiongoza darasani. Aliondoka kwa sababu hiyo, na chuo kiliandika ameahirisha. Hakurudi.

Sasa njooni kwa hao vijana wenye mkopo. Posho ya chakula na malazi iliyokuwa shilingi 8,500 kwa siku ikapandishwa hadi 10,000 ilipangwa kwa kumfikiria mwanafunzi anayekaa jirani na chuo, anayetoka hosteli kwenda darasani na kurudi. Mwanafunzi wa uuguzi hakai hivyo. Anapangiwa hospitali ya upande wa pili wa jiji, anapanda daladala mbili asubuhi kabla ya ripoti ya zamu, na akitoka zamu ya jioni usiku umeingia anahitaji bodaboda kwa usalama wake. Ananunua sare na viatu, saa yenye mshale wa sekunde, kipimajoto na mashine ya presha kwa sababu ile ya wodi ni mbovu, na siku ambazo glavu zimekwisha hununua na glavu. Mwenzake wa sheria au uhasibu anaweza kufundisha tuisheni jioni au kuuza nguo mtandaoni. Huyu wa uuguzi ana zamu, na zamu hubadilika kila wiki, kwa hiyo hakuna mtu wa kumpa kibarua.

Halafu ndipo inapokuja mitihani. Katika vyuo vingi vya afya mwanafunzi anatakiwa kufaulu nadharia na vitendo kila kimoja peke yake, alama za kimoja haziokoi kingine. Aliyechoka kwa zamu anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu inafanywa wakati wa likizo ambapo bumu haliingii, akishindwa anatakiwa kurudia mwaka. Na mkopo wa mwanafunzi anayeendelea una sharti kwamba awe amefaulu mitihani ya kumwezesha kuingia mwaka unaofuata. Kwa hiyo anayerudia mwaka anaurudia bila mkopo, akiwa amefeli kwa sababu mkopo haukutosha. Hapo ndipo wanapoondoka, Mwalimu. Mnaandika amefeli, na ni kweli amefeli, lakini mtu mwenye mzazi mwenye uwezo aliyepata alama zilezile anarudia mwaka na leo ni muuguzi.

Mpemba wa Leeds alijibu:

Assalamu alaykum. Nimefuatilia mjadala huu nikiwa Uingereza, ambako nasoma uuguzi wa watu wazima, na nadhani kuna la kulinganisha ingawa mazingira yanatofautiana sana.

Hapa shahada ni ya miaka mitatu, na Baraza la Uuguzi na Ukunga la huku linataka saa 4,600, nusu nadharia na nusu mazoezi. Mwanafunzi aliye kwenye mazoezi hatakiwi kuhesabiwa katika idadi ya wafanyakazi wa zamu. Kwenye karatasi yuko pale kujifunza. Wodi ikipungukiwa watu mambo hubadilika, na malalamiko ya wenzangu wa darasani hayapo mbali na aliyoyaeleza Dada Sista.

Kuhusu fedha, England ilifuta ruzuku ya wanafunzi wa uuguzi kwa walioanza kuanzia Agosti 2017, wakawekwa kwenye mikopo kama wanafunzi wengine. Maombi ya watu wenye umri mkubwa, wengi wao akina mama wenye familia, yalishuka sana, na hao ndio waliokuwa wakijulikana kwa kuingia wakiwa na uzoefu wa maisha. Kuanzia Septemba 2020 serikali ilirudisha pauni 5,000 kwa mwaka zisizorejeshwa kwa wanaostahili, wakati Scotland wanatoa 10,000. Mwanafunzi wa kigeni hapati hizo, na viza yake humruhusu kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Nauli ya kwenda mazoezini hurudishwa kwa wanaostahili, lakini hurudishwa baadaye, na mwenye njaa ya leo hasaidiwi na fedha za mwezi ujao.

Lililonivutia zaidi ni kwamba huku nao walijiuliza swali la Mwalimu. Taasisi ya serikali iliyosimamia elimu ya watumishi wa afya England ilitoa mwaka 2018 ripoti ya mradi ulioitwa RePAIR, na mojawapo ya mambo waliyoyabaini ni kwamba mwaka wa pili ndio wa kuyumba. Mwaka wa kwanza mwanafunzi ana shauku na anasamehewa kutojua. Mwaka wa tatu anauona mwisho. Katikati anatarajiwa ajue, shauku imepungua, na msaada wa chuo umeshahamia kwa wageni wa mwaka wa kwanza. Ripoti hiyo ilisisitiza pia uzito wa mtu anayemwelekeza mwanafunzi wodini, yaani mtu yule yule Dada Sista anayesema hana wa kumwambia.

Mkenya wa Eldoret alijibu:

Kwetu Kenya nao shahada ni miaka minne, na mambo ya wodini ni hayo hayo, kwa hivyo sitayarudia. Nitaongeza moja tu la fedha. Mfumo wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 unaigawa gharama ya kozi kati ya ruzuku, mkopo na mchango wa familia kulingana na uwezo wa kaya. Kwa kuwa mchango wa familia ni asilimia ya gharama ya kozi, na kozi za afya ni za gharama ya juu, familia mbili zenye uwezo sawa hazilipi sawa: yenye mtoto wa uuguzi hulipa zaidi ya yenye mtoto wa sanaa. Nimewaona waliobadilisha kozi kabla ya kuingia wodini hata siku moja. Hao sijui utawaandika wapi kwenye faili zako, Mwalimu.

Sista wa Zamu alijibu:

Ndugu wa Leeds amenikumbusha jambo. Mwaka wa pili ndio tunaowatupia kazi nyingi zaidi, kwa sababu wa kwanza hawajui kitu na wa nne tunawaogopa kidogo. Nimefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyewahi kuniambia nifanye vinginevyo, wala mwenyewe sikuona tatizo hadi nilipoisoma hapa.

Lakini Ndugu Mlinda Taaluma ana haki katika moja. Msitutake sisi wauguzi wa zamu tuwe walimu, walezi na washauri nasaha bila kupunguziwa wagonjwa. Kama chuo kinataka nimtazame mwanafunzi, kichague muuguzi mmoja kwa wodi, kimpe saa zinazotambuliwa na uongozi wa hospitali, na kimpe namba ya simu ya mtu ambaye akipigiwa atapokea.

Mhadhiri Mpya alijibu:

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, na nitawasilisha kikaoni mambo ambayo idara inayaweza bila kusubiri bajeti ya wizara. La kwanza ni kuongeza katika fomu ya mazoezi sehemu ambayo inchaji ataandika maneno machache juu ya mwanafunzi anayejitenga na wagonjwa, ifike kwetu katikati ya mazoezi na si mwishoni, pamoja na jina na simu ya mwalimu mmoja anayewajibika. La pili ni kupanga vituo vya mazoezi kwa kuangalia anakoishi mwanafunzi. Tumekuwa tukivipanga kwa alfabeti ya majina, jambo ambalo sasa naona halina utetezi wowote. La tatu ni kikao cha wanafunzi wa mwaka wa pili kila baada ya mzunguko wa wodi, ambacho hakitolewi alama, cha kuzungumza walichokiona. Suala la anayerudia mwaka kukosa mkopo liko nje ya uwezo wetu, ila chuo kinaweza kuanza kuandika kwenye faili kwamba aliyeondoka alikuwa anarudia mwaka bila ufadhili, ili siku moja Bodi ikiuliza pawe na cha kuwaonyesha.

Ningependa pia kubadilisha fomu ya kuondoka, iulize sababu kwa undani badala ya mstari mmoja. Kijana, wewe uliwahi kuijaza. Ungeiandikaje?

Kijana wa Kibaigwa alijibu:

Mwalimu, nisingeijaza hata ikiwa na kurasa kumi. Fomu ya kuondoka hupitia kwa mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, mhasibu na mlezi wa wanafunzi, na kila mmoja anaisoma kabla ya kugonga muhuri. Hakuna mwanafunzi atakayeandika pale kwamba alisimangwa wodini au alikosa nauli, hasa kama anatumaini kurudi au anahitaji nakala ya matokeo yake ahamie kwingine. Mwacheni agongewe mihuri yake kwa mstari mmoja aondoke. Kisha baada ya miezi kadhaa, mtu ambaye hakuwahi kumfundisha wala kumsahihisha ampigie simu amuulize. Na huyo mpigaji awe na ruhusa ya kumwambia kama nafasi yake bado ipo, kwa sababu hilo ndilo swali la kwanza atakaloulizwa.